Gereji yenye joto Minnesota: shajara ya ujenzi, Aprili hadi Februari

Aprili, mwanzoni

Kibali cha manispaa kimetoka. Gereji itakuwa ya futi 24 kwa 28, karibu mita 7.3 kwa 8.5, ikisimama peke yake nyuma ya nyumba hapa Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis. Mimi ni fundi magari. Nikitoka kazini ninashika magari ya ndugu na jamaa, na miaka yote hii nimeyashikia uani. Kulala chali kwenye theluji kubadilisha brekipedi, nyuzi 15 chini ya sifuri, ni kazi ya kijana, na ujana wangu nimeshaurudisha kwa wenyewe.

Nilimpigia Baba simu Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kumpa habari. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, gari nalo linaogopa baridi?"

Swali la haki. Makete si Dar es Salaam. Mwezi wa saba sakitu huunguza viazi shambani. "Baba, sakitu ya huko saa tatu asubuhi imeshayeyuka. Ya huku inashuka ardhini na kukaa miezi."

"Inashuka kiasi gani?"

"Ukisimama kwenye shimo, inakufika kiunoni."

"Basi jenga. Ila isiwe kubwa kuliko nyumba ya watu."

Hicho kina nilichomtajia ni inchi 42, kama sentimita 107. Ndicho sheria ya ujenzi ya Minnesota inachokitaja kwa msingi katika nusu ya kusini ya jimbo. Ukienda kaskazini inakuwa inchi 60.

Kila ninayemweleza mradi huu anauliza kwanza nitafunga hita gani. Hita ni ya mwisho kwenye orodha yangu. Nimeona gereji za watu zenye hita kubwa ambazo ukiingia unahisi upepo miguuni na dari inadondosha maji. Nataka nifike Oktoba nikiwa na jengo ambalo hita ndogo kuliko zote dukani inalitosha.

Aprili, mwishoni

Kabla ya kuchimba nilipiga 811, namba ya kuomba waje kuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa ardhini. Ni bure, na ni lazima kisheria. Siku chache baadaye uani pakawa pamechorwa rangi: nyekundu ni umeme, njano gesi, buluu maji safi, kijani maji machafu, ya chungwa simu na intaneti. Bomba la gesi linapita karibu mno na kona moja, kwa hiyo kona hiyo tumeichimba kwa koleo taratibu.

Udongo ni kichanga. Kabla nyumba hazijafika, eneo hili lilikuwa la mashamba ya viazi, nami nilicheka peke yangu: nimevuka bahari kuja kujenga kwenye shamba la viazi.

Kwa msingi, kichanga hiki ni bahati. Watu hudhani baridi peke yake ndiyo inayonyanyua majengo. Baridi haiwezi bila maji, na maji hayapandi bila udongo wa chembe laini unaoyafyonza kutoka chini na kuyapeleka pale panapoganda. Hapo barafu hujijenga matabaka, tabaka juu ya tabaka, na zege lililo juu yake linanyanyuka bila kuuliza uzito. Katika kichanga maji hupita yakaenda zake.

Sheria hapa inaruhusu gereji iliyojitenga, ya ghorofa moja, ikae juu ya bamba la zege lenye kingo nene bila kuchimba msingi hadi inchi 42. Watu huliita bamba linaloelea. Nimechagua hilo. Jirani yangu, mzee aliyestaafu useremala, anayo ya namna hiyo na haijasumbua, ingawa yake haina joto na yangu italindwa zaidi kwenye kingo.

Mei

Mwezi wa sakafu. Hapa nitakaa kidogo, maana ukuta ukiharibika unaweza kuufumua, lakini kilicho chini ya zege kimeondoka mikononi mwako.

Chini kabisa kuna kokoto zilizoshindiliwa kwa mashine. Juu yake foamu ngumu ya XPS, yale mabamba ya rangi ya waridi au buluu, unene wa inchi mbili. Kila inchi ina R-5, kwa hiyo hapo kuna R-10. (R ni kipimo cha ukaidi wa kitu dhidi ya joto linalotaka kupita, namba ikiwa kubwa, joto linahangaika zaidi.) Shemeji aliyekuja kusaidia aliikanyaga akasema, "Shemeji, hii si itabonyea gari likipanda?" Haibonyei. Aina tuliyoweka inahimili pauni 25 kwa inchi ya mraba, zaidi ya tani 17 kwa mita ya mraba, na zege linautawanya uzito wa matairi kabla haujaifikia.

Foamu ya muhimu kuliko zote ni ya kingoni. Joto la sakafu halipotei sana kwenda chini katikati. Chini ya gari lako ardhi inapata joto na kutulia. Linatoroka kwa pembeni, pale zege linapokutana na hewa ya nje. Kwa hiyo kingo zote zimevikwa foamu kwa nje, na nyingine imelazwa chini ya udongo kuelekea nje kuzuia baridi isiingie chini ya jengo. Sehemu inayoonekana juu ya ardhi nimeifunika bati, maana jua na mashine ya kukata nyasi huila.

Juu ya foamu kuna nailoni nene, halafu wavu wa nondo, na kwenye wavu nimefunga mabomba ya plastiki ya PEX ya nusu inchi, yakipishana futi moja moja. Haya ni ya kupitisha maji ya moto sakafuni. Boila sina, na mwaka huu sinunui. Lakini bomba ni rahisi, na nafasi ya kuliweka ni moja tu. Nimeyagawa katika mizunguko mitatu, kila mmoja chini ya futi 300, kwa sababu mzunguko ukizidi hapo maji hupoa kabla ya kurudi na pampu huteseka. Siku ya zege tuliyajaza hewa yakiwa na geji ya presha. Mtu akilitoboa kwa koleo, sindano inaanguka na unajua palepale. Haikuanguka.

Zege lilikuja na lori: nguvu ya psi 4,000, yaani kama megapaskali 28, na limechanganywa na viputo vidogo vya hewa karibu asilimia sita. Viputo hivyo ni vya lazima huku. Maji yaliyo ndani ya zege yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia tisa, na yasipopata pa kukimbilia yanabandua uso wa sakafu. Zege la namna hii halitaki kusuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ling'ae kama sakafu za kwetu; uso hufunga mapema, hewa na maji vinakwama chini yake, kisha linatoka malengelenge. Tumelimalizia kwa ufagio mwepesi. Sakafu inainama kuelekea mlangoni, robo inchi kwa kila futi.

Kati ya sakafu na zege la nje la kuingilia gari nimeacha kipande cha foamu. Kisipokuwepo, joto linatembea ndani ya zege moja kwa moja hadi nje kuyeyusha theluji ya bure.

Juni

Kuta. Mbao za inchi mbili kwa sita, zimepangwa kila inchi 24. Mzee jirani angependa inchi 16, kama alivyozoea, na tulibishana kwa heshima. Hoja yangu ni kwamba mbao ni njia ya joto: sufi ya glasi ya kuhami inayojaza nafasi kati ya mbao ina R-21, lakini ubao wenyewe wa unene huo hauzidi kama R-7. Kila ubao unaoongeza ni mlango mwembamba wa kutorokea. Mkaguzi aliangalia mchoro, akaridhika.

Mbao za chini zinazogusa zege ni zile zilizowekwa dawa, na chini yake kuna utepe wa foamu laini wa kuziba. Huo utepe ni dola chache kwa mzunguko mzima. Ukiusahau, upepo utaingia hapo maisha yote ya jengo.

Shemeji alikuja tena wikendi ya kusimamisha kuta. Amekaa Minnesota kwa majira mawili ya baridi na anaishi ghorofa ya tatu. Alipoona unene wa ukuta akasema, "Shemeji, humu nilale mimi. Gari likalale kwangu."

Julai

Kenchi zimekuja tayari kutoka kiwandani na karatasi za mhandisi. Kusini mwa Minnesota mzigo wa theluji ardhini unaohesabiwa ni pauni 50 kwa futi ya mraba, kama kilo 244 kwa mita ya mraba, na paa linapigiwa hesabu kuanzia hapo. Nilichoagiza tofauti ni kisigino: kenchi za kawaida huja zikibana pale zinapokutana na ukuta, na hapo panabaki nafasi ya inchi chache tu za kuhami. Zangu zimenyanyuliwa mwishoni ili unene wa sufi uwe uleule hadi juu ya ukuta. Nyongeza ya bei ilikuwa ndogo.

Paa limeezekwa. Chini ya vigae vya lami kwenye ukingo kuna utando unaonata wa kuzuia maji ya barafu. Hewa inaingia chini ya upenu na kutoka kwenye mgongo wa paa. Hayo tu.

Agosti

Umeme. Tumechimba mtaro kutoka nyumbani, waya umepita ndani ya bomba la PVC likiwa na inchi 18 za udongo juu yake. Ungekuwa waya wa kuzikwa wenyewe ingebidi inchi 24. Ampea 60 zinatosha kompresa, taa na soketi ya mashine ya kulehemu. Fundi umeme mwenye leseni ndiye aliyeunganisha. Mtaro haufukiwi kabla ya mkaguzi kuuona, kwa hiyo ulikaa wazi na mke wangu aliutazama kila asubuhi kwa macho ya kuniuliza ninafanya nini na bustani yake.

Septemba

Mwezi niliokuwa nausubiri, na ndio unaowachosha watu kabla ya wakati.

Kabla ya sufi, kopo la povu na bomba la silikoni. Nimezunguka jengo zima: kila tundu la waya, kila maungio ya mabamba ya OSB (vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi, vinavyofunika kuta kwa nje), pembe zote, kuzunguka fremu ya dirisha. Njia nzuri ni usiku, mtu mmoja nje na taa kali, wewe ndani gizani. Mwanga ukipita, upepo utapita.

Sufi ya glasi inatakiwa ijae nafasi yake bila kubanwa. Ukiibana inapoteza kazi, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani yake. Waya ukipita katikati, unaipasua sufi kwa unene wake, nusu nyuma ya waya na nusu mbele. Nyuma ya visanduku vya soketi unakata kipande kwa kisu. Vaa barakoa na mikono mirefu. Inawasha kama upupu.

Kisha nailoni upande wa ndani, unene wa milimita 0.15. Huyu ndiye watu wengi wa kwetu hawamwelewi, maana kwetu hakuna haja naye. Hewa ya nyuzi 10 inaweza kubeba karibu gramu 9 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri haibebi zaidi ya gramu moja hivi. Hewa ya ndani ikipenya ukutani na kukutana na OSB iliyoganda, tofauti yote inabaki pale kama barafu. Mwezi wa tatu inayeyuka, sufi inalowa, mbao zinaanza kuoza, na mtu analaumu paa. Nailoni inakaa upande wenye joto ili mvuke usifike kwenye ubaridi. Maungio yote yanaangukia juu ya mbao, yanalaliana, na katikati kuna gundi nyeusi isiyokauka inayochafua kila kitu unachokigusa, pamoja na usukani wa gari.

Mtu mmoja dukani alinishauri niongeze foamu ya inchi moja nje ya ukuta vilevile. Foamu nene kweli ingekuwa jambo jema. Nyembamba hiyo, pamoja na nailoni ndani, inaubana ukuta pande mbili huku OSB ikibaki baridi, na unyevu ukiingia hauna pa kukaukia. Nimeacha.

Dari ni jipsamu ya milimita 16, kwa sababu ile nyembamba hulegea ikibeba uzito kwa nafasi ya inchi 24. Juu yake tumepuliza selulosi, magazeti ya zamani yaliyosagwa na kutiwa boraksi ili yasishike moto wala yasiliwe na wadudu. Inchi 14 hivi, R-49. Mashine ya kupulizia duka linakuazima ukinunua mifuko ya kutosha. Shemeji alilisha mifuko chini, mimi nilikuwa juu na mpira, nikashuka nikiwa na rangi ya kijivu kuanzia kope.

Oktoba

Mlango mkubwa umefungwa, futi 16 kwa 8, wenye foamu ndani. Karatasi yake inasema R-16, lakini hiyo ni ya katikati ya paneli. Ukihesabu maungio, bawaba na mipira ya pembeni, mimi naupa chini ya nusu.

Sasa hita. Nimepiga hesabu ya wati zinazopotea kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kuta, 23. Dari, 7. Mlango mkubwa, 10. Mlango mdogo na dirisha, 5. Kingo za sakafu, hata baada ya foamu yote ile, 30. Hewa inayopenya, nikikisia kwa wema, 23. Jumla 98. Angalia vizuri: sakafu na hewa ni zaidi ya nusu, na dari ambayo kila mtu huikimbilia ndiyo ndogo karibu kuliko zote, kwa kuwa imeshashughulikiwa.

Nataka ndani pawe nyuzi 10. Nje nikihesabu 26 chini ya sifuri, tofauti ni 36, na jumla inakuja kilowati 3.5, karibu BTU 12,000 kwa saa, kipimo kinachoandikwa kwenye hita za huku. Muuzaji mmoja alikuwa amenipendekezea hita ya 75,000. Nimechukua ya gesi ya 30,000, ambayo ndiyo ndogo niliyoipata ya aina ninayoitaka, na bado inabaki nguvu ya kurudisha joto mlango ukifunguliwa. Hita kubwa mno huwaka dakika mbili na kuzima, kutwa nzima, na vifaa vyake huisha mapema.

Aina ninayoitaka ni ile yenye chumba cha moto kilichofungwa: inavuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi nje. Katika gereji kuna petroli, tina ya rangi, dawa ya kusafishia breki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni ukitafuta cheche, kwa hiyo hita imening'inizwa juu karibu na dari. Kigunduzi cha gesi ya kaboni monoksidi kipo ukutani. Aliyekulia nyanda za juu anajua habari ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Jengo langu sasa limefungwa kuliko chumba chochote cha Makete, na injini haiwashwi humu mlango ukiwa chini.

Desemba

Theluji ya kwanza ya maana, na gari limeingia nayo kwenye mikunjo ya matairi na chini ya bampa. Usiku imeyeyuka. Asubuhi kipima unyevu kilikuwa asilimia 78 na dirisha linatiririka.

Hili lilitarajiwa. Nina feni ya kutolea hewa yenye swichi inayojiwasha unyevu ukipanda. Nimeiweka asilimia 55. Inatoa hewa yenye maji na inaingia hewa kavu ya baridi, na ndani ya muda mfupi dirisha linasafika. Joto linapotea kidogo, nakubali. Maji ya sakafuni nayasukuma nje kwa raba ya mpini mrefu, mteremko unasaidia. Shimo la maji sakafuni sikuliweka tangu kwenye mchoro, maana lina masharti mengi ya kutenganisha mafuta.

Kitu ambacho wenye gereji za joto hawapendi kukisikia: chumvi ya barabarani hula chuma kwa kasi zaidi kwenye joto. Gari lililoganda nje linapata mapumziko. Langu linakaa usiku kucha na maji ya chumvi yaliyo hai. Kwa hiyo naliosha chini mara kwa mara, na sipandishi joto kupita nyuzi 10 isipokuwa ninapofanya kazi, hapo naliweka 16.

Januari

Baridi yenyewe imefika. Nyuzi 29 chini ya sifuri alfajiri. Haijafikia ile ya 30 Januari 2019, siku Minneapolis iliposhuka hadi 33 chini ya sifuri, lakini inatosha kwa mtihani.

Ndani, 10. Hita inawaka karibu nusu ya muda, zaidi kidogo ya nilivyohesabu, na najua kwa nini: skrubu za bawaba za mlango mkubwa zimeota sakitu kwa ndani, na kona ya chini kushoto mpira haugusi fremu vizuri. Mpira wa chini nao uliganda kwenye zege. Mota ilivuta, ikakataa, ikarudi. Dawa ya silikoni imetatua hilo, lakini kona inataka mpira mpya.

Nilipanda darini na tochi kuangalia. Upande wa chini wa paa, mbao kavu, misumari haina barafu. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kuliko namba ya hita. Baba alitaka picha, nikamtumia ya kipimajoto cha nje na cha ndani pamoja. Alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Kumi ndiyo joto? Hiyo ni Makete ya Juni."

Februari

Wiki hii nimeshusha sanduku la gia la pikapu ya jamaa mmoja wa Kikongo anayeishi karibu, nikiwa na shati la mikono mifupi. Mpira wa kona umebadilishwa, na hita sasa inawaka muda mfupi zaidi.

Yaliyobaki: kupaka rangi jipsamu, kuweka benchi, na kuamua kuhusu boila. Mabomba yako sakafuni yamezibwa midomo, geji bado inasoma presha ileile. Nikiunganisha, maji yatatiwa propileni glikoli ili umeme ukikatika yasigande ndani ya zege. Nimeanza kuuliza bei za boila ndogo ya umeme, nikilinganisha na bili ya gesi ya miezi hii mitatu. Mwezi wa nne nitakuwa na bili za msimu mzima, hapo nitapiga hesabu upya.